Tangi Juu ya Chumba cha Mama

Alhamisi, 2 Septemba
Mama amehamia bafuni, nadhani. Tangu tupewe hii nyumba ya serikali yenye tangi la maji linalopashwa moto na jua juu ya paa, anakaa chini ya maji ya moto mpaka vidole vyake vilivyopinda vinafunguka. Leo amefunga vifungo vya gauni mwenyewe! Akatoka na mvuke wake, poda shingoni, anacheka peke yake. Nilibaki mlangoni na taulo, kama niko ndotoni.

Jumapili, 5 Septemba
Redio ya Bridgetown, kisiwa cha jirani: kimbunga, keshokutwa. Bahari imetulia mno, rangi ya maziwa.
Tulipotoka kanisani Mama akaanza — tangi limwagwe. Enzi za nyumba za mbao kila kilicho juu kilimwagwa au kushushwa, na dirisha la upande usio na upepo likaachwa wazi. Baba yake alisahau pipa la mvua. Lilimwangukia mwenyewe kitandani.
Nikampigia Orville, fundi aliyetufungia. Anasema hapana kabisa: tangi tupu ndilo linalobebwa na upepo, likijaa uzito wake unalishikilia. Nifunike kile kioo chake cha kunasa jua kwa ubao, basi.
Nimsikilize nani? Chini ya tangi ndipo anapolala Mama.

Jumatatu, 6 Septemba
Nimepanda. Nimefunika kioo. Mkono ulishafika kwenye koki ya kumwagia. Nikaegemeza sikio kwenye tangi — limetulia, kama mtu aliyelala. Nikashuka.
Mama akauliza kama nimelimwaga. Nikasema ndiyo. Mwongo mkubwa mimi! Nimechoma shelisheli, sikuisikia hata ladha. Nimembembeleza alale kwangu. Wapi! Chumba chake ni chake.

Jumanne, 7 Septemba, mchana
Haraka. Umeme hakuna, bomba bado linatoa. Asubuhi nzima paa limelia, nami kwenye kitanda cha Mama, macho darini, nikiomba. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.
Halafu — kimya. Jicho la kimbunga. Mwanga wa manjano, ndege wa baharini wametua uani, hawajui waende wapi. Mama akaenda kunawa uso. Nikasikia maji yanatiririka, hayafungwi.
Nikamkuta ameweka mikono chini ya bomba. Mvuke — maji ya tangi! Hakunitazama. Nikamweleza yote, ya Orville, ya uzito.
"Huyo fundi wako," akasema, "ana mama?"
Sijui. Sikumuuliza.
Kisha akanipa sabuni.
"Basi niogeshe, Verlene, kabla upepo haujarudi."
Nimemwogesha polepole. Vidole vimefunguka kimoja kimoja mkononi mwangu. Sasa amejilaza kitandani kwake, palepale, nywele zimelowa, ananipigia godoro nije nilale ubavuni mwake. Pazia limeanza kucheza. Safari hii linavutwa upande ule mwingine, na huko juu kitu kimegonga mara moja —