Mayu Kabula Hakusema Anaona

Bariadi, Jumatatu jioni. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi lakini mvua imegoma, ni joto na vumbi tu. Sijala mchana.

Jana nilikuwa Sapiwi kwenye mkutano wa injili. Mtumishi aliyealikwa kutoka Mwanza hajui Kisukuma, na wazee wengi wa kule Kiswahili kinawapiga chenga, kwa hiyo kanisa letu likanipa kazi ya kutafsiri. Naipenda kazi hiyo. Niseme ukweli wote: napenda kushika maiki huku watu wananiangalia.

Wakati wa maombezi, Milembe, mwanamke wa kule ninayefahamiana naye, alimleta mbele mama mkwe wake, Mayu Kabula ("mayu" kwa Kisukuma ni mama), bibi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, kisha akarudi kukaa. Mtumishi aliomba mpaka shati likaloa jasho. Alipoondoa mikono usoni mwa bibi, akauliza kwa nguvu, "Mama, unaona?"

Nikatafsiri. Bibi akanijibu polepole kwa Kisukuma, bila maiki, nikasikia mimi peke yangu: "Naona mwanga wa jua tu, mwanangu, kama siku zote. Lakini mshukuru sana kwa kuniombea."

Mtumishi alikuwa ananitazama. Kinanda kilishaanza. Watu walishasimama.

Nikasema, "Anasema anaona!"

Vigelegele vya pale sijawahi kuvisikia popote. Wakamshika bibi mikono wakacheza naye, naye akicheka bila kujua anachekea nini. Nilijiambia nimekiri kwa imani, kama tunavyofundishwa, kwamba uponyaji hutangazwa kwanza halafu ndipo uonekane. Usiku nikalala vizuri kabisa. Naona aibu hata kuandika kwamba nililala.

Leo asubuhi nimekutana na Milembe sokoni, akanikumbatia. Akaniambia kesho madaktari wa macho wanakuja hospitali kufanya upasuaji, na mama mkwe alikuwa na nafasi yake, lakini mume wa Milembe ameshapiga simu kuifuta.

"Kumpeleka si ni kumdharau Mungu, dada? Na wewe mwenyewe ndiye uliyetutafsiria." Halafu akashusha sauti. "Ila leo amejimwagia uji wa moto mguuni. Tumemwambia imani yake inayumba. Ameomba toba."

Ameomba toba. Yeye!

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikajibu "Bwana asifiwe", nikaondoka na nyanya zangu. Mwoga mkubwa mimi. Nimetembea mpaka nyumbani nikiinamisha kichwa, kila aliyenisalimia nikaona ananijua.

Bado naamini Mungu anaponya, na nitaendelea kuamini. Ila jana hakunituma nimsaidie kwa uongo. Niliogopa tu kimya ambacho kingekuja baada ya jibu la kweli, na nikaogopa mtumishi angeniona mimi ndiye niliyeharibu mkutano. Kwa ajili ya hofu ndogo hiyo, mtu amefungiwa njia ya kupata macho yake.

Muda mfupi uliopita nimempigia Milembe simu na kumweleza yote. Akasema, "Mimi siwezi kumwambia. Mwambie mwenyewe," akampa bibi simu.

"Mwadila, mayu," nimeanza kwa kumsalimia, na hapo hapo machozi. Nimemwambia kwa Kisukuma alichosema yeye na nilichosema mimi. Nilitegemea anitukane, nilitaka anitukane. Ameuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo Mungu hajanikasirikia?"

Nimemjibu hapana, mayu, hujakosa chochote. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha anamwita Milembe amtafutie kitenge cha safari.

Kesho alfajiri namfuata kwa bodaboda. Na kama nafasi yake wameshampa mwingine, nitasimama mbele ya madaktari hao na foleni nzima inisikie, niseme aliyeifuta ni mimi.