Fundo la Mama

Buterere, Bujumbura

Mdogo wangu Tajudini,

Amani ikufikie hapo Kigoma. Huku mafuriko yameshuka, na Khadidja wangu ameanza kutembea. Nimefurahi kusikia biashara yako ya mchele imesimama vizuri.

Shule iliyokuwa ikinunua mchele wa ushirika wetu imepata wa bei rahisi, umeshushwa bandarini. Jana tuliitwa kuuona. Magunia yamefungwa kwa fundo la mama, lile alilotufundisha mimi na wewe tu. Nilitamani liwe la mtu mwingine.

Danielle, mwenzangu wa shamba, akaniuliza, "Mwantum, fundo hii si ya kwako?"

"Apana," nikajibu, nikalifungua haraka.

Mavuno yetu yamejaa ghalani. Ukija Idi nitakupikia. Ila usipitie njia ya mashambani.

Dada yako akupendaye,
Mwantum