Damu Kwenye Mfereji wa Clemence

Ndugu Zephania, yule mzee Hezroni wetu wa darasa la jioni hakuwa na miwani, hakuwa na kitabu, wala kichwa cha kushika baiolojia. Na mtihani ni Jumatatu!

Nikamfundisha aukariri moyo kwa kuufuata mfereji wa kumwagilia mashamba. Kila jiwe la ukingoni ni sehemu ya moyo. Leo anatembea akisema kwa sauti: "Hapa damu inaingia. Pale damu inatoka."

Jiwe la mwisho liko mpakani mwa shamba la jirani yake, Clemence. Tena leo ni zamu yake ya maji, yuko pale na jembe!

"Mzee, unaliapiza shamba langu?"

Hezroni akaendelea kukariri, asije akasahau. Akanyoosha kidole: "Damu inatoka!"

Mpini wa jembe ukamshukia. Zephania, nimeusikia mfupa ukivunjika. Nimeusikia! Akampiga tena, maji yakawa mekundu, ndipo nikamkaba Clemence.

Ni mkono wa kulia. Wa kuandikia!

Hezroni, amelala topeni: "Umeuvunja wewe, Clemence. Basi utaandika wewe."

Clemence kaandika barua huku akilia, kumwomba msimamizi wa mtihani kule Same ampe Hezroni mtu wa kumwandikia. Bahasha nimeifunga kwa gundi, na basi la kwenda Same limeondoka nayo sasa hivi.