Shemeji Hataki Kupasuliwa Tezi Dume, na Sababu ni Mimi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimenyamaza mpaka kimya chenyewe sasa kinataka kuua mtu, na mtu huyo ni kaka wa mke wangu.

Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka sitini na moja, karakana yangu iko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na mwaka jana, baada ya kuhangaika miezi mingi na mkojo unaodondoka kama bomba bovu, nilipimwa nikaambiwa nina saratani ya tezi dume, na daktari wa upasuaji, mtu mwembamba asiyejua kupamba maneno, akakitazama kitambi changu, akatazama majibu ya sukari, presha na mafuta kwenye damu, akasema, "Mzee wangu, saratani hii inaweza kusubiri wiki kumi, haiwezi kusubiri mwaka. Hizi wiki kumi ni zako. Shusha sukari, punguza tumbo, acha sigara, tembea kila siku. Nikikupasua hivi ulivyo, kidonda kinaweza kuchelewa kupona na mkojo ukakusumbua muda mrefu." Nikamwambia nimeelewa.

Mke wangu ni mpishi wa shule, anakijua chakula kuliko mimi ninavyozijua mbao, basi kila alfajiri akawa ananifungia mboga za majani, kunde na kipande cha samaki kwenye bakuli la mfuniko, nami, Mungu anisamehe, nikifika karakana namkabidhi fundi wa funguo wa mlango wa pili lile bakuli, yeye anakula, mimi naagiza viazi vya kukaanga na soda mbili za baridi, jioni narudi nyumbani na bakuli limeoshwa, mke wangu anafungua, anacheka, "Leo umelimaliza lote, baba," nami naitikia. Fundi wa funguo alipungua kilo nne. Mimi niliongezeka mbili. Kutembea nako nilitembea mpaka kwenye benchi la kwanza, nikakaa nikawasha sigara.

Wiki ya kumi ilipofika nikajinyima chakula siku mbili nikidhani nitakiroga kipimo, kumbe kuna kipimo cha sukari kinachoeleza ulivyoishi miezi mitatu nyuma, kikaniumbua pale pale, daktari akataka tuongeze mwezi mmoja, mimi nikapandwa na hasira kwa sababu nilikuwa nimeshaaga wateja, nikasema nipasue hivyo hivyo, akanieleza hatari zake taratibu, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikatia saini karatasi kwamba nimeelezwa na nimechagua mwenyewe, na nakala yangu nikaificha kwenye droo ya misumari.

Nikapasuliwa. Mshono ukatunga usaha, nikalala hospitali wiki tatu badala ya siku nne, na huu ni mwezi wa tisa bado navaa pedi, nikiinua kochi suruali inalowa, wateja nawaambia nimemwagikiwa na maji. Ya chumbani ndiyo usiulize. (Saratani yenyewe imetoka, vipimo vya damu tangu hapo ni safi.)

Nyumbani waliponiuliza imekuwaje nikajibu maneno matatu tu: "Yule daktari kaniharibu." Sikujua maneno matatu yana miguu. Mke wangu alikwenda kumgombeza daktari mbele ya wagonjwa waliopanga foleni, na daktari hakujitetea hata kidogo, alinitazama mimi nyuma ya mke wangu, nami nikatazama sakafu. Ndugu wote wakaambiwa. Hata dada yangu anayeuza dawa za kienyeji akapata wateja kwa jina langu.

Sasa miezi miwili iliyopita shemeji, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu aliyenitetea posa kwa wazee wake wakati mimi sina hata koti, naye kakutwa na saratani hiyo hiyo, kaambiwa bado imekaa ndani ya tezi haijatoka nje, na kwa kuwa naye ana kitambi na presha, kapewa wiki nane ajiandae. Wiki ya tatu akaja karakana, akaketi kwenye kochi nililolivua kitambaa, springi zote nje, hata hakuona.

"Shemeji," akasema, "wewe umepita huko. Niambie ukweli. Niende?"

Mshauri, ulimi nilikuwa nao. Nikasema, "Si unaniona?"

Akanitazama suruali. Siku hiyo ilikuwa imelowa. Akainuka, akajifuta mikono kama mtu aliyemaliza hesabu ubaoni, akasema, "Basi siendi. Bora nife na suruali kavu."

Tangu siku hiyo silali, mke wa shemeji analia, mke wangu anamuunga mkono kaka yake, anasema heri aombewe kuliko aharibiwe kama mimi. Ninachoomba ni hiki: kuna namna ya kumshawishi shemeji akapasuliwe bila mke wangu kujua habari ya bakuli na ile karatasi? Nimewaza nimwambie nimesikia kuna daktari mwingine mzuri zaidi wa mbali. Naomba ujibu haraka. Namba yangu nimeiandika chini.

Fundi Makochi

*

Fundi,

Hakuna namna. Swali lako nimelimaliza, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimelazimika kuinuka kitini nikazunguka meza. Umekula uongo mmoja umeshiba, sasa unaniomba nikupakulie wa pili! Huyo daktari wa mbali atamkuta shemeji na presha ile ile, kitambi kile kile, na atampa wiki zile zile. Shemeji yako haogopi daktari. Anaogopa suruali yako, na hajui historia yake.

Nikutendee haki kwanza. Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa njia ya mkojo. Akaniambia hata mtu aliyejitunza vizuri anaweza kuvuja mkojo kwa miezi baada ya operesheni hii, na wapo wanaopata shida bila kosa lao lolote. Kwa hiyo sitakuambia soda ndiyo iliyokulowesha. Lakini sukari ikiwa juu, kitambi kikiwa kikubwa, na sigara juu yake, kidonda huwa rahisi kuchafuka na kupona huwa kugumu. Ulipewa wiki kumi za kupunguza hatari yako. Ukamgawia fundi wa funguo.

Na kilichonichosha kuliko vyote ni hiki. Umeandika kurasa nne za malalamiko, na habari kwamba saratani imetoka umeiweka kwenye mabano! Mtu mzima! Uko hai, damu yako ni safi, yule daktari uliyemchafua ndiye aliyekutoa kaburini, na shemeji hajaambiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha yako, na kifo kinakwenda kumuumbua mwalimu.

Kwa kuwa wiki zake zinayoyoma, sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia. Ulinung'unika, ukasema nakuaibisha, ukasema mke wako atarudi kwao, ukakata simu, ukapiga tena. Nilikuambia chukua karatasi uliyoitia saini, wakalishe mke wako, shemeji na mkewe chumba kimoja, soma kwa sauti, kisha sema ulichofanya kuanzia siku ya kwanza. Usianze na "daktari." Anza na "mimi."

Jumapili ukaniandikia kwamba umesema. Mwalimu alikuacha umalize, akaiomba karatasi, akaangalia tarehe, akauliza swali moja: "Na saratani?" Ukamwambia imetoka. Akamgeukia mkewe, akasema, "Nimepoteza wiki tano. Nipigie ile namba ya kliniki." Siku iliyofuata akaenda, akakutwa presha imepanda zaidi, akasogezewa tarehe mbele kwa mwezi mmoja. Daktari wake kasema bado kuna muda. Kasema pia angengoja zaidi, usingebaki mwingi. Soma sentensi hiyo polepole, Fundi.

Mke wako naye hakupiga kelele. Alivaa viatu, akaenda peke yake kumwomba daktari radhi, akarudi, na hajakusemesha tangu hapo. Asubuhi hafungi tena chakula. Na wewe, baada ya yote haya, unaniuliza, "Sasa mshauri, mchana nitakula nini?"

Utapika! Una mikono inayojenga kochi kutoka mbao tupu, sufuria itakushinda? Nenda wewe mwenyewe kwa yule daktari, umwombe radhi pale pale kwenye foleni, watu wasikie kama walivyosikia matusi. Kisha muulize kuhusu mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo miezi tisa hii hukuyauliza kwa sababu mlikuwa hamsemeshani. Mambo ya chumbani yamweleze pia, ni kazi yake, hatacheka. Sukari ipime, dawa meza mwenyewe, sigara ziishie leo. Dada yako mwambie jina lako aliondoe kwenye biashara yake. Na siku ya kliniki ya mwalimu, uwe naye. Akikuuliza jambo, mjibu lote, hata linalokutia haya.

Mke wako kunyamaza, hapo sina dawa. Ulimdanganya alfajiri hadi jioni kwa wiki kumi, kisha miezi tisa juu yake. Atasema siku atakayotaka yeye, na siku hiyo usikilize bila kujitetea. Usimnunulie kitambaa, usimtumie wazee, usimwulize "mpaka lini." Amka mapema, tembea nusu saa bila kukaa, rudi uchemshe maji ya chai ya watu wawili.

Mshauri wenu