Maoni ya Mjomba Sauti

Wanangu,

Wali uko jikoni, upasheni tu. Mdogo anywe dawa ya kikohozi. ~~Mtu akiulizia kitabu changu, semeni nakala zimeisha.~~ Hapana, mpeni akisome.

Nisameheni kwa kuwafokea wiki nzima. Wasomaji gazetini wamekisifu kitabu, lakini mimi nilingoja maoni ya mtu mmoja tu, Mjomba Sauti. Miaka ishirini nilijibanza nyuma ya pazia nikimnong'oneza maneno ya mchezo kila alipokwama jukwaani, na sasa nimeyaanika yote kitabuni. Kimya chake kilikuwa kinanimaliza.

Leo mlipotoka tu, akabisha hodi. Kitabu mkononi, kurasa zimejaa wino mwekundu. Nikamvutia kiti. Akakaa, akavua miwani, akasema, "Dada, umeandika nilisahau mara saba. Mbona ile ya nane, siku mama mkwe wangu alikaa viti vya mbele, umeiruka?"

Tukacheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Nimekwenda naye kwa mchapishaji, kuomba iongezwe watakapochapa tena. Nitachelewa kidogo. Siku hiyo yenyewe siikumbuki hata kidogo, kwa hiyo leo zamu yake kuninong'oneza.

Mama