Zuwena kaliwasha gari lako

Baba Zuwena,

Nimetoka eda juzi, na jambo la mwanzo nashika kalamu kukupa habari ya gari lako. Ungelikuwapo ungelipiga kigelegele mwenyewe.

Hujatimiza wiki kaburini, nduguyo Nasor kaja kusema lile gari lako la Kiingereza, viti viwili na paa halina, limekaa juu ya matofali miaka yote hii, likauzwe Wattaya kwa wauza magari. Zuwena kamjibu kwa adabu, "Ami, nipe muda mpaka mama atoke eda. Likiwa halijatembea, lichukue."

Ami yake kacheka. "Weye? Kwa kucha hizo?"

Kucha! Mwanangu akirudi kutoka kazini kwake Khuwair anavua abaya, anavaa ovaroli lako, anaingia chini ya gari. Kalifungua lote, kaliosha kipande kipande kama vyombo vya harusi. Nani mwengine Maskati nzima ana binti kama huyu? Nitajie.

Wiki ya mwisho ya eda likawaka, lakini linakohoa na kuzima. Kabureta zile mbili hazivuti hewa sawa. Zuwena kakaa chini analia. "Ma, baba alikuwa akifanyaje?"

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita kutoka jikoni, mikono imejaa unga? "Njoo wee mwenye sikio!" Unanipa kile kipande cha mpira wa maji, nasikiliza kabureta moja, kisha ya pili. Basi nikajitanda, nikatoka uani, nikatia mpira sikioni.

"Ya mbele inavuta zaidi. Punguza." Kapunguza. "Bado... bado kidogo... hapo!"

Baba Zuwena, lilinguruma vile vile. Vile vile kama... Nilikaa kwenye ngazi. Cheti sina hata kimoja, lakini sikio nnalo.

Juzi kanikalisha kando yake, tukapanda milima mpaka Qantab na kurudi, halikuzima hata mara moja. Wenye magari makubwa wanapunguza mwendo watutazame. Nikawapungia mkono, usinikaripie.

Nasor katukuta getini. Kalizunguka, kagusa boneti. "Mashaallah. Haliuzwi hili. Nami nipandishe basi."

"Panda, ami," mwanao kamwambia. "Ila mlango usiubamize."

Lala salama, mume wangu, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi nitajifunza kuendesha. Usicheke! Zuwena anataka nianze na gari lake la kazini. Nimemkatalia. Nataka hili hili.

Mkeo,
Mama Zuwena