Asumini Ndani ya Koti la Baba

Jumatatu, 8 Juni
Nimekung'uta ufuta tangu asubuhi. Mgongo huo unauma. Mjukuu wangu Zuhura, mwalimu kule Nachingwea, kaja na kitabu cha msomi mmoja. Kinahusu sinema zote za marehemu mdogo wangu Hamisi. Hakijachapwa bado. Msomi anataka niseme kama kiko sawa, jibu Ijumaa. Mimi, niliyejifunza herufi ukubwani! Zuhura anasoma, mimi napepeta.

Jumanne, 9 Juni
Maneno magumu, ila kijana huyo msomi kaangalia kweli. Kaona Hamisi alipenda kupiga picha za miguu ya watu kuliko nyuso. Aibu tu ile. Tangu mdogo alitazama chini. Nitamwambia.

Jumatano, 10 Juni
Nimekasirika mpaka nimeacha kupepeta.

Tumefika sinema ya mazishi ya Baba. Asumini wa Chinongwe, mtani wetu, kavaa koti la Baba, anachechemea kama alivyochechemea yeye. Kisha kalala kaburini, hatoki mpaka apewe jogoo. Msomi kaandika: adui wa familia anayedhihaki maiti.

Adui! Mama alikuwa hajala siku mbili. Alipomwona Asumini anachechemea, akacheka, akaomba uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani.

Na wewe Hamisi, mjinga. Hukueleza popote. Ulidhani dunia nzima ni Mandawa kwetu.

Alhamisi, 11 Juni
Nimempigia msomi kwa simu ya Zuhura. "Bibi, hiyo ni tafsiri ya kitaalamu." Nikamwambia hiyo tafsiri kasongee ugali. Anasema kifungu kitabaki, ila atanishukuru kitabuni. Sitaki. Wajukuu wa Asumini wanasoma shule. Waje wamkute bibi yao humo, adui?

Picha za Hamisi ziko sandukuni kwangu. Bila ruhusa yangu hawezi kuzitia. Bila picha, anasema, hakuna kitabu. Basi kisiwepo. Inauma. Nani mwingine atamwandika mdogo wangu?

Ijumaa, 12 Juni
Nimeandika maoni mwenyewe. Herufi kama kuku kapita. Zuhura alitaka kuninyooshea, nimemfukuza. Nimesema: kitabu kizuri, ukurasa wa mazishi uongo. Njoo ukae msibani kwetu ujifunze. Ukishafuta, picha zote chukua. Zuhura katuma. Baadaye nimemwita ale. Mtoto hana kosa.

Jumapili, 14 Juni
Nimekwenda Chinongwe. Nilitaka kumficha Asumini habari hii, nimeshindwa. Nimemsomea ukurasa ule mwenyewe, neno kwa neno. Akaacha kumenya mihogo. Nikaogopa.

"We kikongwe," akasema, "siku ukifa navaa gauni lako hilo bovu, na koti la baba yako juu. Huyo msomi aje na kamera."

Tumekula mihogo. Msomi hajajibu.

Koti bado analo. Limetoboka kiwiko. Nimeomba sindano, nimelishona, nikamrudishia.